Vidole Viwili Vimelala

4 Machi

Binti,

Habari za tangu jana? Mimi ndiye yule nesi niliyekuja nyumbani kwa dada yako na mkoba wa kijani, ukanijibu "sawa" mara kumi na nne. Nilihesabu. Labda hukuielewa kazi yangu, au uliielewa vizuri mno. Nairudia kwa maandishi.

Daktari anatibu mkono. Kiwanda cha kufulia kinataka mfanyakazi wake. Mimi nipo katikati. Nawafuatilia walioumia kazini, tangu wodini mpaka siku wanaposimama tena mahali pao. Si mpelelezi wa bosi wako, na si wakili wako pia. Nikisema uko tayari, nimeweka jina langu. Nikisema bado, ni hivyohivyo.

Utaratibu wa kiwanda chenu unaujua. Nafasi yako kwenye rola ya kunyooshea mashuka inakungoja wiki kumi na mbili tangu siku ya ajali, yaani mpaka mwanzoni mwa mwezi wa tano. Zikiisha hujapona, anawekwa mtu mwingine moja kwa moja, na wewe unatafutiwa kazi nyingine humohumo ndani. Hufukuzwi. Nilipolisema hilo jana uligeuka ukatazama ukuta, ndiyo maana nalirudia.

Nina viwanda saba na miguu miwili, kwa hiyo nitakuona mara moja kwa mwezi. Hapo katikati uniandikie barua kila wiki, kwa mkono ulioumia, hata mistari mitano. Lichukulie kama dawa. Mwandiko utanionyesha vidole vinavyorudi. Barua mpe dereva wa gari la mashuka. Kila siku anapita mtaani kwenu akileta mashuka hospitali, na ofisi yangu iko mlango wa pili baada ya stoo.

Na usinyanyue ndoo.

Nesi Mfuatiliaji


9 Machi

Shikamoo Sista,

Huu mkono wa kulia. Saa nzima niko hapa. Kalamu imeanguka mara sita. Dada anacheka mpaka anashika mlango. Mimi nilikuwa nalisha mashuka mia nne kwa zamu, leo nashindwa na herufi k.

Ndoo sijanyanyua. (Moja tu. Ndogo.)

Nimechoka.

Chapuchapu
(kazini wananiita hivyo, na wewe niite hivyo, hilo "binti" linanitisha)


13 Machi

Chapuchapu,

Barua yako nimeisoma kwa taabu na kwa furaha. Herufi zako zimelala kama watu waliopigwa na jua, lakini zipo. Ndivyo inavyoanza. Usione aibu kuniletea mwandiko mbaya. Nina kabati zima la miandiko mibaya, na wengi wa wenyewe sasa wako kazini.

Jambo moja hukuniandikia. Vidole vinasikia? Ukigusa maji, ukigusa nguo, vyote vitano vinakuambia?

Ndoo ndogo nayo ni ndoo.

Nesi Mfuatiliaji


17 Machi

Mama Pacha wangu,

Pacha hawajambo? Waambie Chapuchapu hajafa, amefungwa bandeji tu kama zawadi.

Sasa kaa chini nikupe kisa, ila ukicheka usiangukie ndani ya kapu. Huyu nesi kaniambia niwe namwandikia barua kwa mkono ulioumia ili aone maendeleo. Mkono wa kulia. Nikaandika ya kwanza, Mama Pacha, lo, kuku angepita na matope angeandika vizuri zaidi yangu. Nikaketi nikawaza, ya pili itakuwaje, ya tatu itakuwaje, na wiki zinakimbia. Halafu nikaipata! Huyu mama hajawahi kuniuliza mimi naandika kwa mkono gani!

Si unanijua? Mimi mashoto tangu kuzaliwa. Kula kwa kulia walinifundisha kwa kofi. Kuandika nilijifundisha mwenyewe, nikinakili maneno kwenye makopo ya sabuni nje ya duka, na hakuna aliyekuwepo wa kunikataza mkono. Basi kuanzia barua ya pili namwandikia kwa kushoto. Lakini sikurupuki! Ya pili nimeitetemesha sana. Ya tatu nitaitetemesha kidogo. Ya nne nitaacha herufi moja moja ianguke hapa na pale. Kufika ya saba mwandiko utakuwa umenyooka, na mimi niko kwenye rola, mbele yako, kila mtu na pembe zake mbili za shuka.

Usiniambie ni uongo. Mkono unapona kweli, kidonda kimefunga, ngumi nakunja. Kuna vidole viwili tu bado vimelala kidogo, cha shahada na cha kati. Vitaamka. Mimi mwenyewe asubuhi siamki haraka.

Huyo waliyekuwekea mahali pangu anaendeleaje? Niambie hana maana.

Chapuchapu wako


20 Machi

We mtoto,

Nimecheka mpaka supavaiza akaja kuuliza mashine ina nini. Ila una akili ya kukupeleka pabaya, siku moja utasema nilikwambia.

Huyu mwenzangu mpya ni mtoto wa watu, mpole, ana heshima, na ni mzito kama godoro lililonyeshewa. Shuka linafika kwenye rola, mimi nimeachia, yeye bado amelishika anafikiri. Tangu ile siku yako, nikiona kidole cha mtu karibu na rola, mkono wangu unakwenda kwenye kamba nyekundu wenyewe. Nimezima mashine mara nne wiki hii bila sababu. Supavaiza kaniuliza kama nataka likizo.

Rudi, mwanangu. Mwandiko ni mwandiko tu, hakuna shuka linalolishwa kwa kalamu. Mradi vidole viko sawa.

Pacha wanakusalimu. Mmoja kang'oka jino, mwingine analia anataka lake nalo ling'olewe.

Mama Pacha


6 Aprili

Shikamoo Sista wangu,

Asante kwa kuja juzi! Dada mpaka leo anasema, "Yule nesi anatazama mtu kama anasoma barua." Nimefurahi umesema ngumi ina nguvu. Na lile jaribio lako la pamba, nimefumba macho unanigusa kidole kimoja kimoja nami nasema "sasa", lilikuwa kama mchezo. Umeona nilivyokuwa nakujibu chapuchapu?

Uliniuliza kwa nini nang'ang'ania rola wakati kuna kazi nyingine za kukaa. Mbele yako sikujua kusema. Kwenye karatasi najua.

Sista, umewahi kuiona ile mashine? Ni ndefu kama basi. Rola zake zinachemka. Shuka linatoka kwenye mashine ya kukamua likiwa na unyevu, mimi nashika pembe zangu mbili, Mama Pacha anashika zake mbili, tunalivuta likaze, tunalipeleka mdomoni. Rola ikilidaka, unasikia mvuto. Mdogo sana, kwenye ncha za vidole, kama mtu anayekuvuta nguo akitaka kukunong'oneza. Hapohapo mnaachia, wote wawili kwa pamoja. Mmoja akichelewa, shuka linakwenda upande, linajikunja, linabeba na vidole. Kwa kelele zilizopo hakuna kusemezana. Mimi na Mama Pacha miaka mitatu hatujawahi kuhesabu "moja, mbili". Tunajua tu. Nikiwa pale kichwa changu kinatulia, Sista. Kwingine kote kinakimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Pale kinatulia.

Ile siku nilikuwa natazama pembeni, basi. Halitatokea tena.

Bado wiki nne. Si nitawahi? Niambie nitawahi.

Chapuchapu


15 Aprili

Chapuchapu,

Leo nimefanya jambo ambalo huwa silifanyi. Nimezichukua barua zako zote, nikazipanga mezani kwa daktari moja baada ya nyingine, tangu ile iliyopigwa na jua mpaka hii ya juzi yenye herufi zilizosimama wima. Nikamwambia, "Tazama wiki sita zinafanya nini." Daktari ni mtu asiyesifu hata chakula cha mkewe. Alizitazama muda mrefu, akasema, "Vizuri." Nimetembea na hilo neno kutwa.

Basi tumekubaliana. Jumatatu ijayo unafanya zamu ya majaribio kwenye rola, saa mbili tu, na mwenzako yuleyule. Ikienda vizuri, nasaini urudi kabla wiki hazijaisha.

Nakuomba kitu kimoja. Ukisikia chochote kisicho cha kawaida, na usiposikia chochote pale unapopaswa kusikia, simama. Mashuka yanangoja.

Nesi Mfuatiliaji


22 Aprili

Mama Pacha,

Pole na kizunguzungu! Umenitisha ulivyovuta ile kamba, nilidhani umeanguka. Kunywa maji na ulale mchana, hao pacha watakumaliza. Supavaiza amesema hakuna neno, zamu ya majaribio tutaimalizia Ijumaa.

Ila dakika arobaini si tulizitendea haki? Nilikwambia! Hakuna aliyegundua kitu. Ijumaa tunamaliza, nesi anasaini, na yule godoro lako anarudi kukunja taulo.

Nimeandika hii ndani ya gari, dereva anasema mwandiko unaruka kwa sababu ya mashimo na si kosa langu.

Chapuchapu


22 Aprili

Kwa Nesi Mfuatiliaji,

Salamu. Mimi ndiye ninayelisha rola na yule msichana. Wananiita Mama Pacha. Sijawahi kumwandikia mtu wa hospitali, kwa hiyo nikikosea unisamehe.

Leo nimevuta kamba nikasema nina kizunguzungu. Sina kizunguzungu chochote. Nimesema hivyo ili mashine isimame na mtoto wa watu asiaibike mbele ya zamu nzima.

Nesi, yule mtoto hasikii shuka. Anatakiwa atazame shuka, anatazama mikono yangu. Nikiachia, anaachia. Macho yake hayakutoka kwenye vidole vyangu hata mara moja. Kwa wengine tulionekana sawasawa, kwa sababu ni mwepesi, ananifuata kama kivuli. Lakini mimi niko mbele yake, nimeona. Nikamjaribu. Shuka moja nikachelewa makusudi, mvuto umekuja na mimi nimeshikilia. Naye akashikilia. Mikono yake ikaenda, ikaenda, nesi, ndipo nikavuta kamba.

Na kuna jingine linaloniuma zaidi. Zile barua zako aliandika kwa mkono wa kushoto. Ni mashoto. Aliniambia, nikacheka. Aliniambia pia vidole viwili vimelala kidogo, nikalipita hilo neno "kidogo" kama sijalisoma, maana nilimtaka arudi. Kosa langu ni hilo.

Nakuomba usimwambie ni mimi. Kule kazini hana mama mwingine. Lakini Ijumaa asikaribie ile mashine.

Mama Pacha


24 Aprili

Chapuchapu,

Zamu ya Ijumaa nimeisimamisha. Sijamwambia supavaiza sababu, nimemwambia nina vipimo vya kurudia, na ni kweli.

Nitauliza moja kwa moja, na wewe unijibu hivyohivyo. Kuandika, unaandika kwa mkono gani? Jumatatu, mbele ya rola, kwa nini macho yako yalikuwa kwenye mikono ya mwenzako badala ya shuka? Kidole cha shahada na cha kati, mara ya mwisho kusikia kitu ilikuwa lini?

Sijakasirika. Au nimekasirika, lakini si hasira ya kukuogopesha.

Nesi Mfuatiliaji


25 Aprili

Sista,

Nani amekwambia? Supavaiza? Dereva? Najua ni dereva, anasoma barua za watu akiwa kwenye foleni!

Umenisimamishia zamu kwa maneno ya mtu ambaye hata jina humtaji. Bado siku kumi na moja! Mimi nimelisha rola dakika arobaini bila shuka hata moja kwenda upande, ulitaka nini zaidi? Ulisema mwandiko utakuonyesha vidole vinavyorudi. Nikakuonyesha mwandiko. Hukusema mkono gani unaandika, ulisema mwandiko.

Nyie mna ofisi na kabati. Nikitolewa kwenye rola wewe utafunga faili, utachukua la mwingine. Mimi ndiye nitakayesimama kwenye chumba kingine nikisikiliza ile mashine ukutani.

Usinijibu.

Chapuchapu


27 Aprili

Chapuchapu,

Nakujibu.

Aliyeniambia sitamtaja hata ukiniandikia barua mia. Nakuhakikishia si dereva, umsalimie vizuri. Mtu huyo hakuniomba nikuadhibu. Aliniomba nikuweke mbali na mashine, basi.

Nataka ujue na upande wangu. Fomu yangu ina mstari unaosema "Mkono anaoutumia zaidi." Siku ya kwanza, kabla hujafungua mdomo, nilikuwa nimeshaandika "kulia". Naandika hivyo kwa watu wote. Miaka kumi na moja. Sikukuuliza. Jana nimefungua faili thelathini, zote zinasema kulia, na sijui ni ngapi nilizouliza kweli.

Na pamba. Nimekaa nikaukumbuka mkono wangu unavyokwenda. Naanza kidole gumba, natoka kwa mpangilio mpaka cha mwisho, kimoja, kingine, kingine, kama ninayefunga vifungo vya shati. Mtu yeyote mwepesi akifumba macho anaweza kusema "sasa" bila kusikia kitu. Wewe ni mwepesi.

Kwa hiyo nimemwandikia daktari kwamba ripoti yangu ya tarehe kumi na tano haifai, na kwamba makosa ya kupima ni yangu. Si rahisi kuliandika hilo baada ya lile "vizuri" lake. Nimeliandika.

Faili lako sijalifunga. Mara ya mwisho vidole vile kusikia kitu ilikuwa lini?

Nesi Mfuatiliaji


1 Mei

Sista,

Siku tatu sikutaka hata kuliona gari la mashuka. Dereva amepiga honi mpaka majirani wamemtukana. Leo naandika kwa kushoto, mkono wangu wa siku zote, na sitetemeshi kitu.

Jana asubuhi shemeji alikuwa amemimina chai akatoka kwenda kumwita mtoto. Mimi nimekaa mezani nakuwaza wewe kwa hasira, napanga maneno ya kukuandikia, makali kwelikweli. Dada akaingia akapiga kelele. Nikamtazama, nikadhani ameona nyoka. "Vidole! Toa vidole!" Sista, vidole vyangu viwili vilikuwa ndani ya kikombe. Vimezama mpaka fundo la kwanza. Sijui tangu saa ngapi. Chai ilikuwa inatoa moshi. Nikavitoa, vyekundu, ngozi imeanza kuinuka, nikavitazama kama vya mtu mwingine. Dada analia, mimi sina hata cha kulilia. Hakikuuma kitu. Ndicho kilichonitisha.

Umeuliza lini. Tangu ajali. Havijawahi kusikia hata siku moja.

Na nilijua, Sista. Hapo ndipo utakaponichukia. Wodini kulikuwa na kitabu kimeachwa dirishani, cha wanafunzi wa uganga, nikakisoma siku tisa. Kinasema mshipa wa fahamu ukikatika, ukikubali kuota tena, unaota kama milimita moja kwa siku. Nikachukua rula ya mtoto wa dada. Kutoka kwenye kovu mpaka ncha ya kidole cha kati ni milimita mia moja na sitini na tano. Siku mia moja na sitini na tano. Wiki kumi na mbili ni siku themanini na nne. Hesabu haihitaji shule. Kabla hujaja na mkoba wako wa kijani nilikwisha kujua sitawahi, ndiyo maana nilikuwa nakujibu "sawa". Nikasema basi, kama vidole havitawahi, macho yatawahi.

Pamba ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Gumba, shahada, kati, pete, cha mwisho. Nilikuwa nasikiliza mkono wako wa nguo unavyokwaruza meza.

Hilo la "mwandiko" nililokuandikia lilikuwa la kijinga. Nilijua unamaanisha mkono gani.

Sasa fanya unachofanya.

Chapuchapu


3 Mei

Chapuchapu,

Vidole vilivyoungua umevifunika? Kitambaa safi, usipasue lengelenge, na njoo kesho asubuhi nivione. Hilo kwanza.

Pili, sikuchukii. Katika kazi hii wapo wanaojifanya wagonjwa ili wasirudi. Hao najua kuwakamata. Anayejifanya mzima ili arudi, huyo hatujafundishwa kumtafuta. Nimejifunza kwako, na mwanafunzi anayefuata wa kwangu atafundishwa.

Sasa kazi. Kwenye rola hurudi. Nimeandika na nimesaini. Supavaiza akapendekeza chumba cha kuchambua mashuka machafu. Nimekataa. Mashuka ya hospitali huja na sindano zilizosahauliwa kwenye mikunjo, na vidole vyako havitakuambia. Tukabishana simuni nusu saa. Mwisho nikamwuliza, "Nyuma ya rola, shuka likishatoka, nani analitazama?" Hakuna. Meza ya ukaguzi ipo, imejaa maboksi. Mashuka yenye madoa na kunyanzi yanaletwa hivyohivyo wodini, na manesi wanalalamika kila siku, mimi nikiwa mmoja wao.

Meza hiyo itaondolewa maboksi. Inahitaji mtu mwenye macho yanayofuata kila kitu, anayeijua rola kuliko kitabu chake. Utatumia mkono wako wa kushoto kugeuza. Si kazi ya kutuliza kichwa kama ile. Najua ninachokunyima.

Kila mwezi nitakupima. Sitaanza na gumba. Ule mshipa wako ukifika mwisho wa rula, nitakuwepo kuona. Usipofika, nitakuwepo pia. Lakini nafasi ya rola siwezi kukushikia tena, na sitakudanganya kwamba naweza.

Fomu naiambatanisha. Mstari wa mkono nimeuacha wazi, uujaze mwenyewe.

Nesi Mfuatiliaji


4 Mei

Mama Pacha,

Najua ni wewe.

Nilimshuku supavaiza, nikamtukana dereva kwenye barua, mpaka dada mwenyewe nikamtazama vibaya. Halafu nikaisoma tena barua ya nesi. Kaandika macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya mwenzangu. Supavaiza siku ile alisimama nyuma yangu. Macho yangu yanaonekana na mtu mmoja tu duniani, aliyesimama ng'ambo ya shuka. Nesi ni hodari kwa siri, ila hapo iliponyoka.

Nilikaa nayo hiyo hasira, nikaipikia, nikaifulia. Leo asubuhi nesi kanifungua vidole, vimeungua vibaya, nitakueleza kwa mdomo. Nikaona ngozi inavyotoka, na mimi nimekaa natafuna biskuti. Hapo nikalikumbuka lile shuka uliloshikilia makusudi. Nililiona, Mama Pacha. Ulidhani sikuliona? Niliona umechelewa, nikajiuliza ana nini leo, na mikono yangu inakwenda nami naitazama inavyokwenda. Sikuwaza kuitoa. Nilikuwa nangoja wewe uachie.

Ndiyo maana sina la kukulaumu. Nilivipa vidole vyako kazi ya vyako na vyangu, na sikukuambia. Ungeilisha rola vidole vyangu bila kujua, halafu ungeishi nalo.

Yule mwenzako usimwite tena godoro. Mimi ndiye niliyeanza kutaka awe hana maana. Hachelewi kuachia kwa uzito, anachelewa kwa sababu anaogopa, na anaogopa kwa sababu wewe unaogopa, anauona mkono wako ukikimbilia kamba. Mfundishe hivi. Zima mashine. Lowesha shuka, mwambie ashike pembe zake afumbe macho, na wewe uvute kidogo sana, kama mtu anayetaka kunong'ona. Akisikia aachie. Fanyeni mara hamsini. Usimwambie ni mimi niliyesema, atadhani namwonea huruma, na kwa kweli namwonea wivu.

Jumatatu naanza kwenye meza ya ukaguzi. Maboksi wameyatoa, wamekuta chini yake panya na kalenda ya miaka sita iliyopita. Nitakuwa nyuma ya rola, mgongo wa mashine uko usoni kwangu, sitakuona. Nitaona tu kile mnachotoa. Kichwa changu kitakimbia, kitakimbia sana, sijui nitakifunga wapi.

Ukiniona asubuhi usinikumbatie mbele ya zamu, nitalia na supavaiza ataandika. Nenda mahali pako, shika pembe zako, leteni shuka la kwanza. Na mlinyooshe kwelikweli, maana likinifikia na kunyanzi, hata moja, upana wa unywele, nakuapia Mama Pacha, nitazunguka mashine nzima kwa miguu yangu nikurudishie mkononi.

Mwanao,
Chapuchapu